Nani Amchinje Mbuzi wa Baba

Tunduma, 18 Novemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za kijijini Ruanda? Kahawa zinaendeleaje, na kile kifua chako kinasemaje? Mimi mzima, ila sauti imekauka kwa kushindana na watoto kutwa nzima. Nakuandikia maana najua masikio yako na simu hayapatani. Barua hii atakuletea Watson, konda wa basi la Kosta.

Kituo changu cha kulelea watoto kinakwenda vizuri. Wamama wananiletea watoto alfajiri, wanavuka upande wa Zambia kwenye biashara zao, jioni wanawachukua. Tutafunga tarehe kumi na tatu Desemba, na siku hiyo nataka tule Krismasi pamoja. Uliniahidi mbuzi, baba, sijasahau! Ila naomba aje akiwa hai.

Mwanao,
Edina


Ruanda, 24 Novemba 2024

Mwanangu Edina,

Marahaba. Kifua kinakohoa chenyewe, mimi nakisikiliza tu. Kahawa si haba. Majirani wote wanakusalimu, hata wale wanaodai ulikataa kuolewa na mtoto wao.

Mbuzi yupo. Ni yule beberu mweupe mwenye ndevu kama za mchungaji wetu. Bila shaka atakuja hai! Nitamleta mwenyewe, na kisu changu nakuja nacho. Tangu nimuoe mama yako sijawahi kumpa mtu mwingine kisu siku ya Krismasi. Mimi naomba, nakata, yeye anashika miguu, na wewe unalia nyuma ya jiko halafu unakula kuliko wote. Sasa mama yako hayupo, miguu atashika Watson. Nataka hao watoto wamjue babu yao.

Baba yako,
Nathanaeli


Tunduma, 1 Desemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hautulii. Barua yako nilicheka nayo, kisha nikakosa usingizi. Nilipaswa kukueleza tangu mwanzo.

Karibu nusu ya watoto wangu ni Waislamu. Jana nilikaa na wazazi. Wamesema Krismasi hawana shida nayo, watoto waje wacheze, wale. Wanachouliza ni kimoja: nani atachinja? Asipochinja Mwislamu, hawatawaleta. Kuna Mzee Mhoja, Msukuma mfugaji aliyehamia hapa kutoka kule bondeni Ivuna, Mwislamu, babu yake Ngusa, mmoja wa watoto wa kituo. Amejitolea kuchinja. Hapo Mama Imelda, mmoja wa wazazi Wakristo, akaruka: "Kwani hii ni Idi? Wasiotaka wale wali mtupu!" Akasema Mhoja akichinja, wanawe anawahamishia kituo kingine. Nikamuuliza, mama, hiyo nyama ya buchani unayonunua kila siku huwa amechinja nani? Akanuna.

Baba, watoto hawa kila siku wanakula sinia moja. Wananyang'anyana viazi, wanapakana mchuzi. Sitaki siku ya sikukuu ndiyo iwe siku ya kuwatenga, huyu huku, yule kule. Na nikiwapoteza hao nusu, kituo kimekwisha.

Naomba Mzee Mhoja ashike kisu. Wewe uje na mbuzi wako, ukae kiti cha mbele, utuombee chakula. Nakuomba sana, usikasirike.

Mwanao,
Edina


Ruanda, 4 Desemba 2024

Edina,

Salamu nimezipata. Mimi ni mzima.

Nimekulisha kwa mkono huu mpaka umekuwa mwalimu. Umeanza kunuka lini? Mimi mzee wa kanisa nikae kitini kama mgonjwa, mtu nisiyemjua amchinje mbuzi wangu, siku ya kuzaliwa Bwana wangu! Huyo Mhoja hana mbuzi wake?

Nathanaeli


Tunduma, 9 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui hata nianze vipi kukuuliza hali, maana hali yenyewe nimeiharibu mimi.

Umesaini jina tupu. Nimeitazama hiyo karatasi mpaka macho yameuma. Mkono wako haunuki, baba. Mimi nyama yako ningeila leo hii, mbichi! Ila watoto si wangu, ni wa watu.

Siku zimebaki chache. Nimeshawaambia kuna babu anakuja na mbuzi mwenye ndevu. Ngusa kila asubuhi anasimama getini kumwangalia. Nijibu hata neno moja, niwe najua moja.

Mwanao,
Edina


Tunduma, 14 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Watson ameniambia barua yangu ya mwisho uliitia mfukoni bila kuifungua. Hata hivyo naandika, utaisoma ukipenda.

Jana asubuhi alishusha ndoo. Nikafunua majani ya mgomba, nikakuta mbuzi ameshakuwa nyama, imekatwa vizuri kama unavyokata wewe. Watoto walishavaa nguo mpya, wazazi walishafika, Mama Imelda alishakaanga vitunguu. Alikuwa amekubali Mzee Mhoja achinje, kwa shingo upande. Na wote walidhani nyama hiyo ni kazi ya Mzee Mhoja, maana nilishawaahidi hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa hajafika.

Paskalina, binti ninayefanya naye kazi, akaninong'oneza: "Dada, nyamaza. Mwambie Mzee Mhoja mbuzi alikuja kachinjwa na Mwislamu huko huko. Nani atajua?" Haki ya Mungu nilitaka kunyamaza, baba. Moto unawaka, watoto wanaimba, mimi nimeshika mwiko.

Nikasema. Nikasema mbele ya wote: nyama hii amechinja baba yangu, nyumbani kwetu. Mama yake Ngusa akachukua mkoba wake, akasimama. Nikamwambia, mama, maharage yapo, wali upo, nyama sitaipika hapa. Leo tunakula maharage wote. Akauweka mkoba chini, akaketi. Mama Imelda alisonya, lakini ndiye aliyeosha maharage.

Walikula sinia moja. Nyama nimewagawia wanaoila, wakapike makwao. Paja nilijibakishia, nikachemsha jioni, nikalifunika bila kulionja.

Mzee Mhoja alipofika nikamweleza yote. Akasema, "Mwambie baba yako hata mimi ningekasirika." Ngusa akaniuliza babu wa mbuzi yuko wapi. Nikamwambia anaumwa kifua.

Januari sijui nani atarudi. Naogopa. Ila zaidi naogopa kimya chako.

Mwanao, hata ukikataa,
Edina


Ruanda, 23 Machi 2025

Mwanangu Edina,

Hujambo? Kifua kilinilaza wiki mbili, usije ukadhani uliniombea. Sasa natembea. Mvua zipo, mahindi yamesimama vizuri.

Watson ananiletea habari zako bila mimi kumuuliza. Anasema watoto wote walirudi, hata wa huyo Mama Imelda mwenye kusonya. Barua yako ya mwisho imechanika kwenye mikunjo kwa kusomwa. Ungeweza kunyamaza na mimi nisijue, na wao wasijue. Mama yako naye alikuwa hivyo hivyo, kusema kweli kwake hakukuwa na dawa. Nilikuwa namkasirikia, kisha namkumbuka nikiwa shambani nacheka peke yangu.

Nilituma ile ndoo kwa hasira. Mbuzi yule nilimkata peke yangu, akanisumbua, akanipiga teke la goti. Hakuna aliyekuwa anamshika.

Nasikia Idi ni mwisho wa mwezi huu, ikitegemea mwandamo. Mwambie Ngusa babu wa mbuzi amepona. Nitakuja na Kosta ya asubuhi, na beberu mwingine, huyu mweusi, hana ndevu za maana. Atakuwa hai. Kisu sikileti. Huyo Mhoja akinoe chake vizuri, sitaki mbuzi wangu ateseke.

Na akiuliza nani atashika miguu, mwambie nipo.

Baba yako,
Nathanaeli