Sindano Nilizomsamehe

Dada yangu mpenzi,

Hatujambo, kwa kusema tu. Cherehani imepona na sare za shule nimemaliza kushona. Binti yangu anakusalimu.

Damu anayoongezewa kila mwezi kwa thalasemia, ugonjwa wake wa damu wa kurithi, humwachia chuma mwilini, ndiyo maana akapewa sindano za kila siku za kukitoa. Alipolia nilimwambia, "Leo pumzika, mama." Leo moja ikazaa nyingine. Sasa chuma kimeharibu kongosho, ana kisukari, na miaka yake kumi na sita.

Sindano za sukari anajichoma mwenyewe, mara nne kwa siku, kimya. Jana nikamwambia, "Lia tu, mwanangu."

Akajibu, "Nikilia utanihurumia tena."

Mdogo wako, niombee.