Esanse ya Kitunga Kimoja

Muhumba, Bukavu
Jumamosi, tarehe 15 Juni

Kwa Nyakulu, bibi yangu mpendwa, kisiwani Idjwi,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nalisalimu goti lako la kushoto, ambalo Maman anasema limekusumbua tena tangu mvua za Aprili. Je, ile dawa ya kupaka imekusaidia? Mama Adolphine jirani yako hajambo? Na yule mbuzi mweupe amekwisha kuzaa? Sisi huku ni wazima. Maman bado anashona, kikohozi kimemwacha, naye anakusalimu sana. Mimi nimeongezeka urefu, na sketi ya shule imeanza kulalamika.

Najua kwamba utasomewa barua hii na Tonton Barthélemy, kwa kuwa ndiye anayeileta kwa boti lake. Tonton, mjomba wangu, nakusalimu nawe kwa heshima. Nakuomba usome polepole na usiruke aya yoyote, hata ile utakayokuta jina lako ndani yake. Ukiruka Nyakulu atajua, kwa sababu utakohoa.

Nyakulu, ninakuandikia kwa furaha, lakini ndani ya furaha hii kuna jambo la kukuomba msamaha. Nitalifikia. Kwanza nieleze mambo yalivyoanza.

Unakumbuka likizo ya mwaka jana, tulipokuwa tumekaa nyuma ya jiko na wewe unasuka? Ulinionyesha vidole vyako, ukasema kwamba labda vitunga ulivyobakiza kusuka maishani havifiki vitano, maana sokoni watu hawataki tena kitunga, wanataka sachet nyeusi za plastiki, na Mama Adolphine mwenyewe ameshaacha. Ulisema huku unacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi Bukavu na maneno hayo, na kila nilipoona sachet nyeusi mkononi mwa mtu niliyasikia tena.

Basi, mwezi wa tatu Madame Françoise, anayetufundisha biolojia, aliingia darasani na chupa tupu ya maji. Aliiweka mezani akatuuliza ina umri gani. Yannick, ambaye anakaa nyuma yangu na hajui kunyamaza, akajibu kwamba ina umri wa dakika tano, kwa sababu alimwona Madame akiinunua mlangoni. Tulicheka, na Madame akacheka nasi. Kisha akasema kwamba hapo ndipo watu wengi huanza kuhesabu, pale wanaponunua, na huacha kuhesabu pale wanapotupa. Lakini chupa ilikuwepo kabla yetu, na itakuwepo baada yetu.

Tangu siku hiyo alitufundisha tathmini ya maisha ya vitu. Ni hivi, Nyakulu: unachukua kitu na kukifuata tangu kinapotoka ardhini, kinapotengenezwa, kinaposafirishwa, kinapotumika, mpaka kinapokufa na kuoza au kukataa kuoza. Kila hatua unaandika kilichoingia, yaani maji, kuni, esanse ya kuendeshea injini, udongo, na kilichotoka, yaani moshi, uchafu, majivu. Ukitaka kulinganisha vitu viwili, lazima vifanye kazi ileile kwa kipimo kilekile. Huwezi kulinganisha kitunga kimoja na sachet moja, kwa sababu sachet inafanya kazi nusu saa na kitunga kinafanya kazi miaka. Na kila namba unayoandika lazima ueleze umeitoa wapi. Madame ni mkali sana juu ya hilo. Anasema namba isiyo na mwenyewe ni uvumi.

Kazi yetu haikuwa ya darasani tu. Shule yetu ina internat, yaani bweni, ya wasichana arobaini, na kila Jumamosi wazazi wanawaletea chakula kutoka soko la Nyawera, kila kitu ndani ya sachet yake. Sachet hizo ziliziba mfereji wa uani mpaka maji yakaingia chumba cha kulala. Kamati ya wazazi ikaamua kuzikataza, ila haikujua zibadilishwe na nini. Madame akaiomba isubiri tupime. Kila mwanafunzi achague kitu kimoja akilinganishe na sachet, na kamati itachagua kwa kusikiliza hesabu zetu. Nadhani umeshajua mimi nilichagua nini. Nilijiambia kwamba kitunga chako kikishinda, kamati itaagiza vitunga arobaini, na vidole vyako havitaweza kusema tena habari ya vitano.

Nilifanya kazi kwa bidii, Nyakulu. Kipimo changu kilikuwa hiki: kubeba chakula cha msichana mmoja kutoka Nyawera mpaka internat, kila Jumamosi, kwa mwaka mmoja wa shule. Nilihesabu sachet sita kila wiki, kwa wiki arobaini, jumla mia mbili na arobaini. Nilikwenda kwa Maman Christine anayeuza maharagwe sokoni, nikamwomba mizani yake nipime sachet tupu. Aliwaita wenzake waje waone. Akasema, "Masomo gani hii ya kupima sachet bila kitu ndani? Kesho watakutuma upime upepo." Hata hivyo alinishikia mizani mpaka nikamaliza, na alipoona kwamba msichana mmoja anatupa zaidi ya kilo moja ya plastiki kwa mwaka, alinifungia maharagwe ya zawadi katika jani la mgomba.

Kwa upande wa kitunga niliandika yote uliyonieleza kwa simu: mafunjo unayokata mwenyewe kando ya ziwa, nyuzi za mgomba, mizizi ya rangi nyeusi, na fungu la kuni unalowasha nusu siku kuichemsha. Maman alinihakikishia kwamba kitunga chako kinadumu miaka mitatu, na mwisho wake ni kuwashia moto au kuoza shambani. Ilibaki safari.

Kitunga chenyewe kilifika wiki mbili baada ya Pasaka, kikiwa kimejaa mananasi kama kawaida yako, maana wewe hujawahi kumtumia mtu kitunga kitupu. Nilikipokea bandarini nikiwa na daftari mkononi. Nilimwuliza Tonton boti lilikula esanse kiasi gani. Akajibu lita arobaini, kwenda na kurudi. Halafu akaweka mkono begani kwangu akasema, "Mutoto wangu, leo nimevuka ziwa juu ya kitunga yako tu."

Niliandika hivyo hivyo, kwamba alivuka kwa ajili yake tu. Lita arobaini, kitunga kimoja. Tonton, usikohoe.

Jioni nilijumlisha, na kitunga kilishindwa. Hakikushindwa kidogo. Hata nilipogawanya ile esanse kwa miaka mitatu, moshi wake uliifunika plastiki yote ya sachet. Nilirudia hesabu mara nne. Maman aliponikuta ninalia jikoni alidhani nimeungua.

Sasa nimefika mahali pa aibu, Nyakulu. Nilichukua kifutio nikafuta zile lita arobaini. Mahali pake nikaandika kwamba kitunga kilivuka ziwa kwa mtumbwi wa kasia, bila esanse hata tone. Na mahali pa kueleza namba imetoka wapi, nikaandika: "Imesemwa na nyanya yangu, Idjwi." Madame alipoikagua hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba neno la bibi anayesuka kwa mikono yake lina uzito sawa na kitabu. Afadhali angenigombeza.

Siku ya kamati ilikuwa Jumamosi iliyopita. Wazazi walijaa katika salle, ule ukumbi mkubwa wa shule. Yannick aliwasilisha mfuko wa karatasi, ukashindwa na mvua katika hatua ya pili. Wengine wakafuata. Zamu yangu ilipofika nilieleza vizuri, bila kutetemeka, na nilipomaliza kitunga kilikuwa mbele ya vyote. Papa Didier, mkuu wa kamati, akasimama. Sikujua kwamba yeye ni mtoto wa Idjwi. Alisema kwamba hakudhani kuna mtu anayevuka tena ziwa kwa kasia mpaka Bukavu, kwamba baba yake alivuka hivyo, na kwamba kabla ya kuendelea anaomba salle yote impigie makofi mpiga kasia huyo, popote alipo.

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu, Nyakulu, na wengine walisimama. Walimpigia mtu ambaye hayupo, na aliyewaambia kwamba yupo ni wewe, kwa mkono wangu. Nilitazama jina lako kwenye daftari nikaona nimekufanya mwongo mbele ya watu mia moja wasiokujua. Nilinyoosha mkono. Madame alidhani ninataka kushukuru.

Nilisema, "Hakuna mpiga kasia. Nyakulu hakusema vile. Ni mimi niliandika." Kisha nikaeleza yote, lita arobaini, kifutio, jikoni. Madame hakunitazama kwa hasira, alinitazama kama mtu anayesubiri, akaniomba nisome tena namba ya kwanza na chanzo chake. Nikasoma: lita arobaini kwa kitunga kimoja, imesemwa na mwenye boti, kwamba alivuka kwa ajili ya kitunga hicho tu.

Ndipo Yannick akasema kutoka nyuma, "Sasa boti muzima inakuyaka juu ya kitunga moja? Na ile mbuzi zinashukaka pale bandarini, zinakuyaka na miguu?"

Salle ilianza kucheka kwa kuwawazia mbuzi wanaokuja kwa miguu, lakini aliyecheka zaidi ni Papa Didier. Alijifuta macho kwa kitambaa, akauliza mwenye boti ni nani. Nikamtaja. Akasema, "Barthélemy! Hata mimi aliniambiaka alivuka juu ya mbuzi dume yangu tu." Kumbe Tonton anamwambia kila mtu hivyo, na kila mtu anafurahi, na hakuna aliyewahi kuiandika kwenye daftari isipokuwa mimi.

Madame akampigia Tonton simu palepale, sauti wakaisikia wote, akamwuliza siku ile boti lilibeba nini. Tonton, ulijibu vizuri sana: abiria ishirini na watatu, magunia kumi na sita, mbuzi watano, mananasi mengi, na kitunga cha Nsimire, yaani changu. Uliuliza kwa nini watu wanacheka. Sasa umejua.

Tulihesabu upya ubaoni, salle nzima. Madame alitufundisha kwamba mzigo wa safari hugawanywa kwa wote waliosafiri, kila kitu kibebe sehemu yake. Mbuzi wabebe yao, na mananasi yaliyokuwa ndani yabebe yao. Boti lilikuwa na karibu tani mbili na nusu. Kitunga chako, Nyakulu, kina gramu mia saba. Sehemu yake ya esanse ilitoka kama vijiko viwili vya chai. Vijiko viwili! Nilikuwa nimesema uongo ili nikiokoe, na ukweli wenyewe ulikuwa upande wake tangu mwanzo, ila mimi nilikuwa nimeupima vibaya.

Kitunga kilishinda. Lakini Madame aliongeza jambo ambalo naona ndilo kubwa kuliko ushindi. Alisema hesabu hii haifanywi ili kumpa mshindi kikombe, inafanywa ili tuone uzito umelala wapi. Katika kitunga chako uzito haupo ziwani, upo kwenye lile fungu la kuni la rangi nyeusi. Aliniomba nikuulize kwa heshima kama sufuria moja ya rangi inaweza kutosha vitunga kumi badala ya kimoja. Mimi sijui kusuka, kwa hiyo sijui. Wewe ndiye unayejua, na safari hii utakachojibu ndicho nitakachoandika.

Madame amenipunguzia alama tano kwa kile kifutio, na nimezikubali. Nakuomba msamaha, Nyakulu, kwa kuweka neno lisilo lako kinywani mwako. Nimelifuta kwenye daftari, na pembeni nimeandika jina langu.

Na sasa habari niliyoifungia mwisho. Kamati imeagiza vitunga arobaini. Hawataki vyote kwa mara moja, watavipokea kidogo kidogo mpaka mwaka ujao. Maman amekubali nije kwako mwanzo wa Julai, nikae likizo nzima. Nataka unifundishe kusuka, na ninakuomba umwite Mama Adolphine arudi, maana arobaini ni vingi kwa vidole kumi, na vyangu havijazoea.

Tonton Barthélemy, siku tutakapovileta vya kwanza, tafadhali usivuke kwa ajili ya vitunga tu. Pakia abiria na mbuzi wako wote. Nawe Nyakulu, najua sihitaji kukuambia kwamba vije vimejaa. Wasichana wa internat wanapenda mananasi.

Nibusie yule mbuzi mweupe, na uliambie goti lako lipumzike mpaka nifike, kwa kuwa mafunjo ya mwaka huu nitayakata mimi. Mungu akulinde wewe na ziwa linalotuunganisha.

Mjukuu wako anayekupenda,

Nsimire