Sauti ya Besi Kabla ya Kusafishwa

JAMHURI YA KIDEMOKRASIA YA KONGO
Kituo cha Polisi, Walikale-centre

MAELEZO YA SHAHIDI katika kesi ya Sebarenzi Théogène, anayeshitakiwa kuwaongoza watu wenye silaha hadi nyumbani kwa Katembo Henri, Kashebere

Jina: Kavira Anastasie
Umri: miaka 31
Kazi: fundi wa kurekodi na kuchanganya muziki
Makao: Walikale-centre; kabla ya vita, Mweso
Tarehe: 6 Machi 2018

Mimi ndiye Kavira Anastasie. Nimekuja hapa mara ya pili kwa miguu yangu mwenyewe, hakuna aliyeniita. Mara ya kwanza nilirudishwa. Leo nimekuja na kompyuta, na sitoki hapa kabla haijasikilizwa, kwa sababu nimeambiwa Sebarenzi atapelekwa Goma Ijumaa hii kukabidhiwa kwa auditorat, yaani ofisi ya mashitaka ya jeshi. Akishafika huko, maneno ya fundi wa muziki wa Walikale hayatamfikia.

Sebarenzi namfahamu toka Mweso. Anaimba besi katika kwaya yetu ya parokia. Ni mtu wa kuchelewa mazoezi na kubisha akiambiwa amechelewa, tumegombana mara nyingi, wala si ndugu yangu. Vita ilipotutawanya, wengine walienda kambi ya wakimbizi, wengine Kitshanga, yeye alikwenda Kashebere kwa shangazi yake, Mama Nyiraneza. Tangu hapo kwaya yetu haijasimama mahali pamoja hata siku moja. Mimi ndiye ninayemfuata kila mwimbaji alipo. Ninamvalisha kaske masikioni asikie wenzake waliotangulia, anaimba sehemu yake peke yake, kisha naziunganisha sauti zote ndani ya kompyuta. Huyu aliimba chini ya shiti la plastiki mvua ikinyesha, yule karibu na mashine ya kusaga mahindi. Kwa hiyo kila sauti naisafisha kwa plagini, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya programu kubwa ya muziki. Moja inafuta kelele za nyuma, nyingine inatia mwangwi ili wote wasikike kama wako kanisani.

Mnamo tarehe 10 Februari 2018, siku ya Jumamosi, nilifika Kashebere kwa pikipiki na kompyuta yangu ya zamani, ile ya sanduku. Niliipanga katika chumba cha nyuma cha Mama Nyiraneza, tukachukua umeme wa jenereta ya jirani. Mnamo saa tisa alasiri tulianza kurekodi besi ya wimbo wa misa. Sebarenzi alisimama mbele ya mikro, amevaa kaske. Mimi pia nilikuwa nimevaa yangu, na nilikuwa nimeongeza sauti sana kwa sababu ya ile jenereta. Hatukusikia kitu cha nje. Alipokuwa katika ubeti wa pili, mlango ulifunguliwa, Mama Nyiraneza akaingia ameinama. Niliona midomo yake inacheza, nikatoa kaske, nikasikia: "Mulale chini! Banapiga masasi kwa Katembo!"

Tulilala chini sote watatu. Sebarenzi alikuwa sakafuni karibu nami, kaske bado shingoni, anauliza, "Mama, iko nini? Iko nini?" Tulibaki hapo mpaka kukatulia. Nilikimbia jioni hiyo hiyo na watu wengine kuja Walikale, kompyuta imefungwa kwenye pikipiki. Njiani ndipo nilipoambiwa kwamba Mumbere, mdogo wake Papa Katembo, ameuawa. Nililia, kwa sababu Mumbere alikuwa akitubebea vyombo vya kwaya kwa lori lake na hakuwahi kutulalamikia.

Nilipofika Walikale nilimalizia wimbo. Nilikata besi pale ilipokatizwa, nikausafisha wimbo kama kawaida yangu, nikauweka kwenye flash. Siku iliyofuata umeme wa jenereta ulipanda ghafla ukaiunguza kompyuta. Ilitoa harufu, basi, haikuwaka tena.

Mnamo tarehe 22 Februari Mama Nyiraneza alinijia akiwa amechoka na safari. Aliniambia Sebarenzi amekamatwa, kwamba Papa Katembo amesema alisikia sauti nzito langoni ikimwita afungue, na sauti hiyo ni ya Sebarenzi. Nilimwuliza, "Wewe haukubaambia alikuwa kwako?" Akajibu, "Nilibaambia, mutoto wangu. Banasema shangazi hawezi kukosa kusema vile."

Siku ile ile nilikuja kituoni hapa na ile flash. Ofisa Nestor alinipokea vizuri, sina lawama. Aliusikiliza wimbo wote. Haukuwa na mlio wowote wa risasi, kwa kuwa nilikuwa nimeufuta mwenyewe bila kujua kuwa upo. Ulikuwa wimbo safi wa kanisani. Akaniuliza nitajuaje kuwa ulirekodiwa siku ile. Nilimwambia tarehe haiwezi kusaidia, kwa sababu betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta yangu ilikufa zamani, na kila nikiiwasha inarudi Januari ya mwaka 2009. Sikuwahi kuibadilisha, kwani kwaya haikuhitaji tarehe. Aliniambia, "Dada Kavira, wewe na yeye ni wa kwaya moja. Nikiandika hivi, nani ataamini?" Nikaondoka na hasira yangu. Hasira hiyo njo ilinisukuma.

Nilijua kuwa sauti zenyewe, jinsi zilivyoingia kwenye mikro, bado ziko ndani ya diski ya ile kompyuta iliyoungua, kama diski nayo haikuungua. Plagini na kukata havigusi sauti ya asili, vinafanya kazi juu yake tu wakati wa kupiga. Nilifungua sanduku, nikatoa diski, nikaenda kwa Plamedi, fundi wa radio ya hapa, ambaye alikuwa amepata kompyuta mpya ya kubeba. Nilimwomba aniazime. Akasema, "Uichukue. Lakini iko tupu, hakuna hata programu yako."

Kuhamisha kazi ya muziki si kuhamisha nguo toka sanduku hadi sanduku. Niliweka kwanza programu kubwa, kisha nikanakili mafaili ya nyimbo toka ile diski, ambayo haikuungua. Nilipofungua ule wimbo, kila sauti iliandikwa kwa rangi nyekundu kwamba haionekani. Programu ilikuwa inazitafuta mahali zilipokuwa kwenye kompyuta ya zamani, na mahali hapo hapapo tena. Ilinibidi niioneshe sauti moja moja ilipo sasa. Niliionesha ya Mama Hélène, ambaye siku hizi yuko kambini na hana tena nguvu ya kuimba, nikaionesha na za wengine. Ya Sebarenzi niliiacha mwisho kwa sababu niliogopa. Ilipatikana.

Plagini hazikukubali. Leseni yake ilikuwa imefungwa kwenye kompyuta iliyokufa. Zilitaka niombe leseni upya kwa mtandao, na mtandao wa hapa mnaufahamu. Plamedi alisema, "Wacha, dada, nitakutafutia ingine ya bure ile inasafisha." Nikamwambia angoje kwanza, nihakikishe sauti zimefika salama. Nikazima zote, nikabakiza besi peke yake, nikairudishia ile sehemu niliyoikata, nikapiga.

Haikuwa na kanisa tena. Alikuwa Sebarenzi mkavu, ndani ya chumba cha miti, na jenereta inanguruma nyuma yake. Katika ubeti wa pili nikasikia risasi kwa mbali. Yeye anaendelea kuimba, hajui. Baadaye mlango, kisha sauti ya Mama Nyiraneza inasema yale niliyoyataja, na jina la Katembo limo. Plamedi alitoa kaske yake akasema, "Hii usiisafishe hata kidogo."

Nimeulizwa kama sauti hizi zinaweza kubandikwa baadaye. Fundi anaweza kubandika chochote, sitadanganya. Ndiyo maana nimeleta pia diski yenyewe, na ninaomba ikaguliwe na mtu mwingine anayejua kazi hii. Nimeulizwa pia kama niko tayari diski na kompyuta vibaki kituoni. Niko tayari, na Plamedi amekubali kompyuta yake ibaki. Humo mna nyimbo zote za kwaya yetu, na baadhi yake sina nakala. Naviacha hata hivyo.

Nataka na hili liandikwe. Tangu nianze kufuatilia jambo hili, watu wetu wa Butembo, wa kabila langu na la Mumbere, wanaofanya biashara hapa wamenisimamisha njiani. Wanauliza, "Kavira, wewe iko wa wapi kabisa? Mumbere ni ndugu yako, yule Sebarenzi ni nani kwako?" Wananiumiza, kwa sababu Mumbere namlilia mimi pia. Lakini aliyemuua yuko nje, na kila siku Sebarenzi anapolala mahabusu, yule mwenyewe anazidi kwenda mbali. Papa Katembo hasemi uongo. Alisikia sauti nzito kweli. Milima hii ina wanaume wengi wenye sauti nzito.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya. Nimesomewa, nimeona hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa, natia sahihi.

(Sahihi) Kavira Anastasie

MAELEZO YA OFISA: Mimi, Nestor Kibira, ofisa wa upelelezi, nimepokea diski moja na kompyuta moja kutoka kwa shahidi. Saa nane mchana nilimwita mlalamikaji Katembo Henri, aliyekuwa hapa Walikale, asikilize sauti hiyo mbele yangu na mbele ya shahidi. Alisikiliza amesimama. Risasi zilipolia aliomba zirudiwe, akaketi, akasema: "Mbili za kwanza, banavunja kufuli. Ile ya tatu njo ya Mumbere." Nilimwuliza kama bado anasema mtu wa langoni alikuwa Sebarenzi. Alijibu: "Hapana. Ule wa mulango yangu alikuwa anapiga kelele, na huyu pale pale iko anaimba. Andika nilikosea." Nimeandika, naye ametia sahihi. Nimetoa amri mshitakiwa aachiliwe leo hii.

Kabla ya kuondoka, mlalamikaji aliomba asikilize tena, kuanzia risasi ya tatu hadi pale mlango unapofunguliwa. Alisema siku ya maziko ya Mumbere watu wote walikuwa wamekimbia, hakuna aliyemwimbia. Nilimruhusu.