Mwili wa Mwalimu Eliseo

Sucre, 4 Machi 2023

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama huko Tarija na goti limekupa nafuu. Mimi mzima. Naandika kwa kuwa kwenye simu unaitikia tu hata usiposikia.

Chuoni tumeletewa meza ya kioo, skrini kubwa kama kitanda, yenye picha ya mwili wa mtu. Ukiigusa, ngozi inafunguka. Ukigusa tena, moyo unajizungusha. Wanafunzi wamepagawa! Mkuu anasema ukumbi wako wa anatomia utafungwa mwakani, maana hakuna anayetoa mwili wake utumike darasani akifa. Nikampelekea tafiti mpya za walimu wenzetu, wanaosema skrini husaidia zaidi ikiwa pamoja na mwili wenyewe. Akaniuliza, "Haya mwalimu, na huo mwili tutautoa wapi?"

Binti yako,
Nilda

Tarija, 19 Machi 2023

Nilda mwanangu,

Marahaba mama. Goti ni lile lile, tumeshazoeana.

Umenirudisha mbali. Nimeyakumbuka madirisha marefu ya ukumbini, na ile harufu ya dawa iliyomfanya marehemu mama yako anivue koti mlangoni. "Eliseo, wafu wako wabaki nje!" Nilikuwa nikichora moyo ubaoni kwa mikono miwili, chaki nyekundu huku, ya buluu kule. Kila mwaka alizimia mmoja, na mara nyingi ni yule aliyetamba sana getini. Tukitoka tulikunywa api ya moto, ule uji mwepesi wa mahindi, tukicheka ovyo kama watu waliookoka.

Swali la mkuu wako nina jibu lake. Nimeuandikisha mwili wangu, nikifa wanafunzi wajifunzie. Usinikasirikie.

Baba yako,
Eliseo

Sucre, 27 Machi 2023

Baba,

Shikamoo. Nimekasirika, tena sana. Ulinifundisha kushika kisu mkono wangu ukiwa ndani ya wako. Leo unataka nikushikie wewe? Na ile nafasi kando ya kaburi la mama tuliiacha ya nani? Nakuomba, kafute jina lako.

Nilda

Tarija, 3 Novemba 2023

Nilda wangu,

Hujambo mama? Mimi nipo, nimekonda kidogo. Tangu Machi sijaona barua yako. Jana, Siku ya Wafu, nilimpelekea mama yako mkate kaburini peke yangu, nikamweleza yote. Amenyamaza, yeye ambaye hakuwahi kukosa jibu!

Nitapelekwa chuo cha Cochabamba, si mezani kwako. Wakimaliza watanichoma, majivu upewe wewe, uniweke pale pale kando yake. Wale tuliojifunzia sisi waliokotwa hospitalini bila ndugu. Hakuna aliyewauliza kama wanataka. Mimi nimekubali kwa kinywa changu. Nataka wanafunzi walijue hilo.

Njoo Krismasi, nipike picana, mchuzi wetu wa nyama wa sikukuu.

Baba yako,
Eliseo

Tarija, 2 Novemba 2025

Baba,

Shikamoo. Naandika ingawa najua hakuna posta ya kufika uliko.

Nashukuru nilikuja Krismasi ile. Picana yako ilizidi chumvi, nikaongeza sahani ya pili. Ulipofariki Februari iliyofuata, niliitia sahihi karatasi ya chuo cha Cochabamba, wakakuchukua.

Asubuhi hii nimeyaweka majivu yako kando ya mama. Wiki iliyopita nilikwenda Cochabamba kwenye misa ya kuwashukuru waliojitolea. Msichana mmoja, Wara, mwanafunzi wa udaktari wa huko, alikaa karibu nami.

"Wewe ni mwalimu?" akaniuliza.

"Mwalimu wa Sucre."

"Basi ungemwona wetu! Hatukuambiwa jina, tukamwita Bwana Mtulivu. Figo yake ya kushoto ilikuwa na mishipa miwili ya kuipelekea damu. Kwenye skrini upo mmoja tu! Tulibishana mpaka tukaigusa kwa vidole." Kisha akashusha sauti. "Usinicheke, profesa. Kila asubuhi, kabla ya kuanza, nilikuwa namwomba ruhusa."

"Alishakupa zamani," nikamwambia, maana figo hiyo niliiona kwenye picha zako za hospitali. "Aliitwa Eliseo. Ni baba yangu."

Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Halafu akanifungulia viganja vyake, akaniachia nivishike, baba, tukakaa hivyo mpaka misa ikaisha.

Binti yako,
Nilda