Watoto Niliowakalisha Juu ya Mikono Yao

Umoja, Nairobi
Jumapili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umeachia kidogo? Mvua imewafikia huko Taita? Sisi tu wazima, ila mjukuu wako anaota meno na halali, basi nami silali. Ndiyo maana mwandiko umepinda.

Mama, nina jambo la aibu. Nilipopata kazi ya kufundisha watoto viziwi Kiingereza, uliwaambia majirani nimeipata kwa sababu nimekua na kaka yangu Mwakio asiyesikia, mikono yangu inajua kusema. Ni kweli. Lakini mwalimu mkuu hapa hataki mikono. Anasema mtoto akizoea ishara hatatamka sentensi hata moja. Basi nikawa nawaambia wakalie mikono yao, wasome midomo yangu. Anayeichomoa, namchapa vidole kwa rula. Mimi, Mama.

Mwezi mzima tulikuwa kwenye sentensi moja ya Kiingereza: huyu ni mama yangu. Siku ya wazazi akaja mama yake Njeri, muuza makaa, kwa miguu kutoka Mathare, amevaa leso safi. Njeri, mwanafunzi wangu, ana miaka minane. Alimkimbilia, kisha akaniona. Akarudi kwenye benchi, akakalia mikono. Mama yake akamuuliza kwa vidole kama amekula. Mtoto akanitazama mimi.

"Mwalimu, kwani amenuna? Huyu nyumbani ni redio! Hata akinywa uji mikono haitulii."

"Ana haya tu," nikasema.

Nilidanganya mbele ya mtoto, nikashukuru kwamba hasikii.

Mama yake alipofika langoni ndipo nilipomkimbilia nikamwambia ukweli. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Na wewe una mtoto?"

Jumatatu nilimwambia mwalimu mkuu kwamba nitafundisha kwa mdomo na mikono pamoja. Akasema nifikirie kazi yangu. Nikamwambia nimeshafikiria, nikamrudishia rula. Sasa ni wiki ya pili. Watoto wengine wanapiga soga kwa vidole hadi nawakemea, lakini Njeri bado anakalia mikono. Kila asubuhi nachuchumaa mbele yake, namwamkia kama Mwakio anavyotuamkia, kiganja kifuani. Bado.

Msalimie Baba, na shangazi wa dukani, na bibi anayekuchotea maji. Mwakio usimpe salamu kwanza. Mweleze kwa mikono mambo yote niliyofanya, na rula pia, usinipunguzie. Akishajua, ndipo umpe salamu zangu, kama atazitaka.

Ni mimi binti yako,
Wakesho