Pete ya Mama Imetoka Udongoni

Jumamosi

Bado ninacheka peke yangu. Pete ya ndoa ya mama imeonekana!

Kaka yangu Ilunga alikuwa anachimba shimo la choo nyuma ya nyumba, pale mama alipolimaga viazi vitamu zamani. Kwanza akatoa kufuli ya shaba, imekuwa kijani kabisa. Halafu pete, ile iliyompotea mama akilima. Mama akaiosha kwa maji tu, ikang'aa kama ya jana. Miaka kumi na tisa ardhini, hata doa hakuna! Shuleni walitufundisha kwamba dhahabu haishiki kutu, lakini kusikia si kuona.

Mama hakupiga kelele. Alimpelekea baba, ambaye miaka hiyo yote alidhani mama aliiuza.

"Tata Ilunga, njo hii pete," mama akamwambia.

Baba akaipokea, akaigeuzageuza. "Mi niliwazaka uliiuzisha. Unisamehe, mama."

Kidole cha mama kimenenepa, ikabidi tutumie sabuni. Ilipoingia, baba akamshika mkono wakacheza pale uani. Baba, ambaye hachezi hata kwenye harusi!

Ila neno dhahabu limeshatoka nje. Jioni wanaume wawili walikuja kuomba wachimbe kwetu. Niliogopa, maana nyumba ya jirani ilipasuka kwa sababu ya mashimo ya wachimbaji wa kobalti, na baba ni mtu wa kushawishika.

Baba akawaambia, "Dhahabu ya hapa ilikuwa moja tu. Iko ku kidole ya bibi yangu."

Mama akajifunika uso na kitenge. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika.