Yaya Philo, bazee banatembelea mafimbo yetu

Yaya Philo,

Dada yangu mukubwa, mbele ya kukuuliza ginsi unalala kule, sikia hii: mafimbo yetu ya hoki iko inatembea mu muji. Haiko kwa batoto ba timu yenye ulianzisha. Iko kwa bazee ba jamaa yako. Baliigeuza kichwa chini. Pale penye tunapigia mupira njo banafanya pa kushikia, na banaenda nayo ku misa, ku soko, hata ku choo. Weye ungecheka mpaka ushike mbavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeisha kulia juu yako, hasira ikakuta macho imechoka.

Ilikuwa hivi. Siku ya kumaliza kilio yako, jamaa balikaa chini kugabula bintu byako. Bikwembe, ile bitenge byako, kwa dada zako, sufuria kubwa kwa tantine, shangazi yako, mbabula yako ya makala bakanipatia mimi, juu balijua tulikuwa tunakaa kwa ile moto sawa ndugu. Nilikuwa nyuma ya nyumba nasonga bukari, ugali ya bantu ba kilio, Gracia ku mugongo, analia meno. Sikuona kama bamefika nyuma ya mulango, pale penye ulisimamisha mafimbo, imefungwa na mupira ya baiskeli.

Baba mukubwa Anakle, ule kaka ya baba yako alitoka Kabalo na treni, njo alifungua. Dada yako alinielezea. Muzee akatosha moja, akaigeuza, akatia ile kona mu mukono, akapiga chini mara mbili. Ikamuenea. Kisha akaanza kulia. Akasema: "Huyu mutoto alikuwa anatuwaza." Na bazee bengine bakalia pamoja naye, kila muntu na yake mukononi. Nani angesema neno? Balikuwa banakushukuru, Yaya. Nilipoingia na sahani ya bukari, nilikuta timu yetu yote imeisha kugabuliwa.

Ingekuwa mipira ya miguu ile ilikuwa nyuma ya mulango, mutaa yetu yote ya Bel-Air ingepiga kelele. Hata bibi mwenye haone angejua ile ni kitu ya muchezo, haigabuliwe. Lakini fimbo ya hoki? Ni nani anaijua? Bantu ba huku bamejaza kichwa na mupira ya miguu mpaka hakuna nafasi ya kitu ingine. Wanaume bazima, habajue mutoto wabo anasoma mwaka gani, lakini banakuhesabia bachezaji ba timu mupaka bale ba kukaa ku benchi. Timu ikishinda, banasema "tulishinda". Tulishinda na nani? Weye mwanaume ulikuwa umelala ku kiti na chupa.

Na bale vijana ba futi, mupira ya miguu ya paruasi ya kanisa yetu, unabakumbuka. Muntu anagusiwa kidogo ku muguu, anaanguka, anajivingirisha sawa anazaa. Mimi nilizaa, Yaya, na sikufanya zile kelele. Ba basiketi, kwanza uulize viatu yabo, kisha njo uulize kama banajua kutupa. Ba voleyi banapenda kupigwa picha. Sisi mupira yetu ni ndogo na nguvu sawa jiwe. Siku ile ilinipiga ku mufupa wa muguu, nikakaa chini kulia, ulikuja ukasimama juu yangu na kivuli yako. Nilifikiri utanipa pole. Ulisema: "Amuka. Mupira haiombake samahani." Nikaamuka. Alama iko hapa mpaka leo, ninaishika nikikuwaza.

Lakini juu tunacheza tumeinama, sisi njo bafagiaji. Kila tukiingia pa uwanja, bale ba futi banakaa ku ukuta, banasema: "Bamama, mulisahau kufagia pale ku kona." Muchekesho moja, miaka yote. Habana akili hata ya kutafuta ya pili. Siku moja ulibajibu bila kugeuka: "Tunafagia juu muliacha uchafu ya jana." Ile jana balikuwa balipigwa na batoto ba masomo, ile shule ya jirani, mpaka kocha wabo alienda nyumbani bila kubaaga. Balinyamaza posho mbili, ni kusema Jumamosi mbili.

Tena kuna bale banajifanya kujua. Banasema hoki ni muchezo ya batoto ba matajiri kule Ulaya, ya majani laini na sketi nyeupe. Matajiri gani? Waje baone mavumbi yetu nyekundu. Waje baone fimbo yenye ilitoka ku muti ya mapera ya jirani, weye unaigeuza juu ya mbabula polepole, unaipinda na goti, unaifunga na kamba, unasema tusiiguse mpaka izoee. Kwa moja sisi ni bafagiaji, kwa mwingine sisi ni batajiri. Bote habajashika fimbo hata siku moja. Ulikuwa unasema uliona hoki mara ya kwanza Sakania, kwa batoto banamuke ba ngambo ya Zambia, na kule hakuna mwenye aliwacheka. Ulirudia ile kila mara, "hakuna mwenye aliwacheka", sawa vile ulikuwa unasimulia muji ya mbinguni.

Sasa sikia ubaya yenyewe. Kilio yako ilipoisha, prefe, ule mukubwa wa masomo mwenye uwanja, aliniita. Akanipa pole, akakunja mikono. Akasema saa yetu ya siku ya posho ku uwanja, batoto ba futi banaihitaji. Nikamuambia ile saa Yaya Philo aliiomba yeye mwenyewe, na hatujakosa. Akacheka na pua. Akasema kama hoki ni muchezo ya kweli, basi siku ya posho inayokuja timu iwe pale yote, kila muntu na fimbo yake. Kama hapana, asisikie tena ile neno. Alijua, Yaya. Alikuwa ku kilio yako. Alikula bukari yangu, na aliona bazee banatoka na mafimbo.

Nikafunga Gracia ku mugongo, nikaanza kuzunguka. Bazee bengine balinirudishia bila shida, na haya kidogo. Moja ilikuwa imeisha kukatwa, inafunga mulango ya kuku. Moja ilipanda treni. Saa hii fimbo yetu inatembea Kabalo, na hakuna mwenye anajua pale ilifunga magoli. Nikahesabu batoto, nikahesabu mafimbo. Tulikuwa na mbili ya akiba, njo ilikosa moja tu, na ile moja ilikuwa kwa baba mukubwa Anakle.

Yeye hakurudi Kabalo. Alibaki ku nyumba yako na dada yako, juu muguu wake umevimba. Nilimukuta anakaa ku mulango, fimbo katikati ya magoti. Nikapiga magoti, nikamusalimia, nikamueleza hoki ni nini. Alinisikiliza sawa muntu anasikiliza mbuzi. Akauliza: "Munacheza mumeinama?" Nikaitika. Akasema muntu anainama mu shamba na mu kanisa, ya tatu hajaisikia. Kisha akaweka mikono yote mbili juu ya fimbo, akasema: "Mutoto wangu aliniachia muguu. Unataka nitoe muguu, nikupe weye uende kucheza?"

Yaya, neno ilikuwa hapa ku ulimi. Kusema: hakukuachia kitu, hakukuwaza, ile ni fimbo ya Solange anayecheza nyuma. Neno moja tu na ningeibeba. Nilikuwa nimechoka, Gracia alikuwa ananinyonya tangu asubui, na nilikuwa na haki. Lakini nilitazama ginsi alikuwa anaishika. Hakuna mutoto wake mwenyewe mwenye alimuletea hata kamba. Nikameza.

Nikamuambia: "Baba mukubwa, Philo alikuachia. Ni yako. Sasa yeye njo anaikopa kwako, siku ya posho, saa moja. Uilete weye mwenyewe, uirudishe weye mwenyewe." Akavuta fimbo karibu na kifua. Nikaenda. Njiani nilikutukana weye, juu ya kufa kwako. Unisamehe.

Siku ya posho ikafika. Prefe alisimama pale na filimbi ku shingo, na batoto ba futi nyuma yake bameisha kuvaa, banapasha miguu moto. Batoto betu balijipanga. Solange alisimama mikono mitupu. Prefe akamutazama, akaanza kuinua filimbi. Ile saa njo tulimuona ku mulango ya uwanja, anakuja hatua hatua, koti ya kilio mu jua kali, anakokota muguu. Alifika ku ile tofali kubwa karibu na ukuta, akakaa, akageuza fimbo, akamupa Solange pale pa kushikia. Akamuambia aishike vizuri, ni ya mutoto wake.

Tukacheza. Baba mukubwa hakujua sheria hata moja na hakuuliza. Alifuata tu fimbo yake na macho, kule inaenda, kule inarudi. Bale ba ukuta bakaanza tena na ufagio yabo. Akageuka, akabaambia: "Nyamazeni. Ile yenye inapiga ni yangu." Bakanyamaza, juu ni muzee. Katikati alitaka kwenda kukojoa. Alitazama muguu wake, uko mbali, unakimbia ku goli. Akakaa.

Sasa anakuja kila posho. Anakaa ku tofali, hawezi kutoka mpaka tumalize, na prefe hana ujasiri ya kumuamusha muzee mwenye amekaa. Njo ginsi tunalinda saa yako. Prefe anapita mbali, anaangalia saa ku mukono. Acha aangalie.

Nilikata tawi ya mapera. Ya kwanza niliichoma juu ya mbabula yako, ya pili ilipinda ginsi ulikuwa unaipinda. Batoto ba timu banasema hii nimupe baba mukubwa, iwe ya kutembelea, aturudishie ile ya Solange tumalize maneno. Nilikatala. Akipata ingine, nani atakuja kukaa ku tofali? Hii nilimupa Gracia. Anaitafuna, meno inatoka.

Lala, Yaya Philo. Ninakuahidi mambo mbili. Baba mukubwa hatasikia kwangu, hata siku moja, kama ile fimbo haikuwa yake. Na siku Gracia atapigwa na mupira ku muguu na atakaa chini kulia, nitasimama juu yake na kivuli yangu, na nitamuambia ile neno yako.

Mutoto wako wa mbele mu timu,
Mama Gracia